Wimbi Gumu

Mimi ndiye bibi harusi wa Mwandoni. Msicheke. Nina miaka hamsini na ushei, nimeachwa na waume watatu, magego yameniaga zamani, na kila alasiri Hoteli ya Johari inaniozesha upya mbele ya wageni. Wao hawanioni mimi. Wanamwona msichana wa miaka kumi na tisa, shingo ndefu, amechorwa piko mpaka viwikoni. Jina langu Mwanatumu, lakini hata ndugu zangu wa tumbo moja siku hizi wananiita Bi Harusi, nami naitika.

Hiyo ni kazi ya wanja. Mgeni akishuka garini, kabla hata hajapewa dafu, anaketishwa kitini, anatiwa tone moja la wanja huo kila jicho. Kisha anabandikwa kipuli kidogo nyuma ya sikio. Tangu hapo mpaka siku ya kuondoka anaona mji wa hoteli, si mji wetu. Zile nguzo nyeupe zilizosimamishwa pwani nzima ndizo zinazoyalisha matone picha. Takataka hazipo, vilema hawapo, na wenzetu wasiokuwa na kazi hotelini pia hawapo. Nguzo inauchukua mchanga ulio kando yako na maji yaliyo nyuma yako, inakuziba navyo. Ukipiga kelele, kipuli kinaweka sauti ya bahari pale palipokuwa na sauti yako.

Basi mtu unajifunza. Hupiti mbele ya mgeni, unapita nyuma. Hulali ufukweni. Kahindi muuza madafu alijisahau siku moja akaketi kupumzika, akaja bwana mmoja na ndoo yake ya barafu iliyoyeyuka, akammwagia yote kichwani, polepole, huku anatazama bahari. Kahindi akasema, "Ahsante, bwana." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Nimkufu hakucheka. Nimkufu ni binti wa pekee wa Mejumaa, na Mejumaa ndiye mamangu wa jukwaani, yule anayelia ninapotolewa ndani kukabidhiwa mume. Kazi ya Nimkufu ilikuwa pweza. Maji yakitoka, anavuka mkondo kwenda mwambani na kijiti chake, yakianza kujaa anavuka kurudi. Mwaka jana, akiwa njiani kurudi, mgeni alimpitia na pikipiki ya maji akamvunja bega, likaunga kombo. Hoteli ilipomuuliza yule mgeni, alisema amegonga wimbi gumu. Wala hakudanganya, maskini, ndivyo macho yake yalivyomwonyesha.

Neno likashika mji. Mtu akijikwaa barabarani, anaulizwa, "Vipi, umegonga wimbi gumu?" Nimkufu mwenyewe akalisikia, akapita zake. Alikuwa mtoto wa kununa huyo, lakini ukimpata amecheka, utataka acheke tena.

*

Msimu huu hoteli ikatuletea mambo mapya. Zamani sisi wa jukwaani tulikuwa tunavaa beji ili nguzo zitutambue na kutuonyesha. Beji zilikuwa zinadondoka. Sasa wakatuletea leso, kila mmoja jozi yake, nyekundu kwa nyeupe, na ndani ya pindo umefumwa uzi mwembamba wenye jina la mtu. Ukijifunga leso, unaonekana. Ukiivua, umepotea. Na maandishi yake, nawaapia, MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Kazi ya mtu huyu aliyechagua jina la leso," Mejumaa akasema, "ni kututukana tu, au ana nyingine?"

Leso ililetwa haijakatwa, na leso haikatwi na mtu mmoja. Huku kwetu mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, ndipo mkasi unapita katikati. Mejumaa akamwita Nimkufu ashike ncha. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nakula mbaazi zao.

Alipomaliza kukata, Mejumaa akakunja kipande kimoja akamtupia mwanawe.

"Chako hicho."

"Mama, hizi si zako za kazi?"

"Jozi ni ya nani hapa duniani? Umeona wapi mwanamke mwenye binti anajifunga moja na kujitanda ya pili? Moja yangu, moja yako. Uzi umo kote kote, nimepapasa mwenyewe. Kesho ukienda mwambani jifunge kifuani. Wakuone."

Nimkufu aliigeuza ile leso, akaipapasa pindoni. Akacheka. "Kwa hiyo kesho nitakuwa mtu."

"Ulikuwa mtu tangu hapo, mjinga wewe," mamake akamwambia. Mimi nikaongeza kwamba sasa ajichunge, asije akapendwa na mzungu. Akanirushia kokwa la embe. Hivyo ndivyo tulivyokuwa jioni ile, wallahi, hatukuwa na habari.

Kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa hili: kwa hoteli, jozi ya leso ni vazi la mtu mmoja. Waliochora mfumo wa nguzo waliangalia picha, wakamwona mwanamke amejifunga moja na kujitanda ya pili, wakaandika: jozi moja, jina moja, mtu mmoja. Hakuna aliyewaambia kwamba kwetu jozi hugawanywa, na hakuna aliyetuambia sisi kwamba tusigawanye.

*

Asubuhi yake harusi iliwahishwa, saa nne badala ya alasiri, kwa kuwa kulikuwa na wakubwa. Ndio wenye kampuni ya wanja wenyewe, wamekuja kutazama mali yao, nao wametiwa matone kama wageni wengine. Mejumaa alihangaika. Ilikuwa bamvua, maji yanatoka sana, na saa ile ndiyo saa ya Nimkufu mwambani. Lakini ana leso, nikamwambia. Tulia.

Sisi wa jukwaani nasi tuna vipuli, vya kupokea amri. Anayetuamuru ni Nassoro Mwakulola, kijana wa hapa hapa, msimamizi wa mandhari. Anakaa chumba cha juu na vioo vyake, lakini vioo hivyo vinaonyesha picha ile ile wanayoiona wageni. Akitaka kujua kuna nini kwa kweli, inabidi atuulize sisi wenye macho makavu.

Nilikuwa nimeshatolewa, nimefunikwa buibui la hariri, ngoma inapigwa, Mejumaa yuko kando yangu anajiandaa kwa kilio chake. Kipuli kikalia.

"Mamkubwa Mejumaa," Nassoro akasema kwa sauti ya chini, "mfumo unaniletea watu wawili wenye jina lako. Mmoja hapo, mmoja mwambani."

"Yule ni Nimkufu. Mwache," Mejumaa akajibu, mdomo haufunguki.

"Siwezi kuwaacha wawili. Jina moja mtu mmoja. Mfumo umembakisha aliye jukwaani, yule umemfuta. Unaniuliza yupi wa kweli."

Nikamwona Mejumaa amekaza shingo.

"Mgeuzie yeye."

"Nikimgeuzia yeye, wewe utatoweka hapo ulipo, mbele ya wenye kampuni. Mama wa bibi harusi ameyeyuka! Kazi utakuwa huna, na asiye na kazi ya hoteli haishi mbele ya ukuta; nyumba yenu mtaihama kesho, unajua sheria. Sema mwenyewe. Mimi nitabonyeza utakalosema."

"Pikipiki ziko wapi?"

"Gatini. Hazitoki mpaka maji yajae."

Mejumaa alitazama baharini. Toka jukwaani mwamba unaonekana, na juu ya mwamba kulikuwa na kitone chekundu kimeinama. Mwanawe, amesimama pakavu, anachokoa. Pikipiki ziko gatini. Nyumba waliyoijenga na marehemu mumewe iko hatarini. Wewe ungesema nini? Mimi nimejiuliza mara nyingi na jibu langu ni lile lile alilolitoa yeye.

"Ngoja nimalize kilio," akasema. "Halafu mgeuzie, nitajitia naingia ndani kuleta udi."

Akalia. Mejumaa akilia hata mimi huwa naamini naolewa. Wageni walijifuta macho. Kulikuwa na bwana mmoja wa kampuni, kofia ya njano, hakuwa na subira ya harusi. Alinyanyuka katikati ya kilio akaelekea gatini. Nilimwona. Nilidhani anakwenda msalani.

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Nimkufu alishuka kwenye mkondo, maji ya kifua, pweza wake kwenye kijiti amewainua juu wasichukuliwe na maji, leso imemshika kifuani kama alivyoagizwa. Pikipiki ikatoka gatini. Akaiona. Hakukwepa! Ndilo linaloniuma. Mwaka mzima alikuwa akisikia mlio ule anapiga mbizi mpaka upite. Siku ile alisimama, akapunga mkono, kwa sababu alikuwa na leso.

Mejumaa akapiga ukelele uliokata ngoma. Wageni wakadhani kilio kimepamba moto.

*

Mejumaa alimtoa majini mwenyewe. Mimi na buibui langu la hariri nilikuwa nyuma yake, nafika magotini, yeye kashafika kifuani. Nimkufu alikuwa ameshakufa. Kichwa hakikuwa cha kutazamwa. Ile leso yake ilikuwa imemfunguka, inaelea, nikaiokota.

Sasa sikilizeni. Mejumaa alikuwa bado amejifunga leso yake, kwa hiyo wageni walikuwa wanamwona. Nimkufu hawakumwona. Walichokiona ni mama wa bibi harusi anatoka baharini, maji yanamchuruzika, mikono ameikunja mbele hivi, mitupu, anayumba huku na huku. Ngoma ya huko kwao, wakasema. Wakasimama. Wakapiga makofi! Mama mmoja mnene akakunja mikono naye akaanza kuyumba, na wenzake wakamfuata, mstari mzima, wamebeba hewa.

Mejumaa akasimama katikati yao. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akamlaza mwanawe mchangani, akanipokonya ile leso niliyoiokota, akamfunika nayo. Halafu akaivua ya kwake, akabaki na kigauni cha ndani, mbele za watu, mwanamke wa heshima yule, akamfunika nayo pia.

Leso zote mbili zikawa kwa mtu mmoja. Mfumo ukapata jibu lake.

Mejumaa akatoweka machoni mwao, na mahali pake pakatokea msichana amelala mchangani, kichwa kimefunguka.

Sijawahi kusikia wageni wakipiga kelele namna ile. Yule mama mnene alianguka. Kipulini namsikia Nassoro anapumua, anasema, "Mungu wangu, Mungu wangu, Nimkufu," maana walisoma pamoja. Mejumaa akakiinamia kipuli chake.

"Ulitaka kujua yupi wa kweli," akamwambia. "Huyu. Mwache aonekane."

Nilisikia mtu mwingine chumbani mwake anafoka. Halafu nikamsikia anasema, sijui kwa nani, "Nimeuua uzi wa leso zile. Popote utakapokuwa, mfumo umfute anayeuvaa, usiniulize tena."

Ukarudi mchanga mweupe. Wageni wakaambiwa ni hitilafu ndogo, wakatiwa matone mapya, wakapewa chakula cha kamba. Wakati wa chakula nilikuwa nazungushwa meza kwa meza nipigwe picha, na nikamsikia yule wa kofia ya njano akiwahadithia wenzake. "Mawimbi ya huku," akasema, "mengine magumu kama mti. Pikipiki imepasuka pua!" Wakacheka. Akanigeukia akaniambia mimi ni bibi harusi mzuri kuliko wote aliowahi kuona.

Nimkufu alizikwa alasiri ile ile. Jeneza lilipitishwa nyuma ya bwawa la kuogelea, na wachukuzi walisimama nalo mabegani wakisubiri mgeni mmoja amalize kumpiga picha mkewe.

*

Mejumaa alihamishwa nyuma ya ukuta. Hoteli ikaleta mama mwingine wa jukwaani, hajui hata kulia. Na ile ngoma ya mikono mitupu wageni waliipenda mno. Sasa imewekwa mwisho wa harusi, tunayumba nao. Pikipiki nazo zikafungwa kigunduzi puani, si kwa ajili yetu, kwa ajili ya pua. Kikihisi kitu majini, kinapunguza mwendo na kumwuliza Nassoro: mtu au wimbi? Akijibu mtu, pikipiki inazimika; akijibu wimbi, inaendelea. Naye, kwa vile vioo vyake havimwonyeshi, anamwuliza aliye karibu na maji. Asubuhi huwa ni mimi, kwa sababu ndipo ninapokaa kwenye kiti cha makuti kupigwa picha.

Yule wa kofia ya njano hakuondoka na wenzake wa mwanzo. Alipapenda Mwandoni. Asubuhi moja nikiwa kitini pangu, Mejumaa akaja, akanikalia miguuni. Wageni walipita wakamkanyaga vidole, hakuvisogeza. Alikuwa na leso moja, imefuliwa, imefukizwa udi, imekunjwa vizuri.

"Mpe yule mgeni," akasema.

"Leso ya Nimkufu?"

"Mwambie zawadi ya harusi. Ajifunge kiunoni."

Nilielewa mara moja. Uzi uliouawa. Wakati ule hakuna aliyefikiria kwamba mgeni anaweza kuvaa leso ya mtumishi.

"Mejumaa, yule bwana hakumwona mtoto. Macho yake yalipakwa."

"Najua."

"Hakukusudia."

"Nani kasema alikusudia? Mimi sijakwambia umuue, Mwanatumu. Nataka atembee mji huu asubuhi moja kama alivyotembea mwanangu. Basi. Ukiona vibaya, nirudishie leso yangu, tutabaki kuwa mashoga vile vile."

Akaondoka. Leso ikabaki mapajani mwangu, inanukia udi. Nilifikiria kuitupa. Nilifikiria mke wa yule bwana, kama anaye, na mama yake, maana kila mtu ana mama. Nilifikiria kwamba ni mkono wake uliowasha pikipiki, na kwamba mkono haukupakwa wanja. Bado sikuwa nimekata shauri alipokuja mwenyewe, anacheka, akaniomba picha. Akaiona leso.

"Hii nzuri! Ni ya nani?"

"Yako," nikasema. Nilishaisema kabla sijajua.

Akanishukuru kwa mikono miwili, kama walivyofundishwa, akajifunga kiunoni pale pale. Kwangu alibaki kama alivyo. Lakini mwenzake aliyekuwa ameshika simu ampige picha aliishusha, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaondoka zake.

Bwana akamwita. Mwenzake hakugeuka. Akacheka, akidhani anafanyiwa mzaha. Akaenda kwa wale wa chini ya miavuli, akasimama mbele yao, akapunga mikono. Mmoja akamtupia makapi ya chungwa kifuani huku akitazama bahari. Akaacha kucheka. Alimshika bega mwanamke mmoja, na yule mwanamke akapiga ukelele, akajifuta bega, akakimbia. Nikajisemea, sasa atanigeukia mimi. Mimi namwona. Nitamwambia, vua hiyo leso, bwana, utapona.

Hakunigeukia. Mimi kwake ni pambo. Aliwaona rafiki zake wawili kwenye pikipiki, nje ya mkondo, akaingia majini kuwafuata, anaita, anapunga. Maji ya goti. Maji ya kiuno. Maji ya kifua, pale pale. Leso ikamwelea kiunoni, nyekundu, siwezi kusema sikuiona. Pikipiki moja ikageuza pua ikaja upande wake. Nayo ikapunguza mwendo.

Kipuli kikalia.

"Bi Harusi," Nassoro akasema, "kigunduzi kinalia. Sioni kitu. Kuna mtu hapo majini?"

Nyuma ya kiti changu, pale penye kivuli, nilimsikia Mejumaa anapumua. Kumbe hakuwa ameondoka. Bwana yule alikuwa ameinua mkono mmoja juu, vile vile kama Nimkufu, kama mtu ambaye ana hakika anaonekana.

"Bi Harusi? Mtu au wimbi?"

"Wimbi, mwanangu," nikamwambia. "Tena gumu."